Wageni Wanne Walionyimwa Jembe

Nchi hii ilipokuwa bado changa, mazuri yake yote yalikaa mahali pamoja, kwenye tambarare ya katikati ambako leo huoni ila mtama na vumbi. Ungesimama mlangoni pa nyumba moja ukaona mlima wenye theluji, poromoko refu la maji, ziwa la magadi na mchanga mweusi, bila kuchosha mguu. Anayebisha na asikilize kwanza, abishe baadaye.

Hao wanne hawakuwa wenyeji. Walikuja kama wageni, na mtemi wa tambarare ile, Lugembe, akawapokea kwa mikono miwili. Desturi ya pale ilikuwa hii mnayoijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Msidhani lilikuwa neno la kumfukuza mtu. Jembe ndilo lililomwambia mgeni kwamba sasa amekuwa wa nyumbani. Tena mgeni hakuweza kuaga kabla ya kulishika, maana angekuwa amekula na kuruka zake kama kunguru.

Siku ya tatu ilipofika, Lugembe hakutoa jembe. Majirani walikuwa wameanza kumiminika kuwatazama wageni wake, wakisema hakuna mtemi kama yeye, na sifa zilimnogea. “Wageni wa namna hii hawashikishwi jembe,” alisema. “Hawa ni wa kutazamwa.”

Mwaka ukapita, ukaja wa pili. Mlima alikuwa amekalia mashamba ya vijiji vitatu, na kivuli chake kiliunyima mtama jua. Poromoko alilowesha maghala. Magadi ya Ziwa yalipenya visimani. Mchanga Mweusi aliingia kwenye vyungu, ikawa mtu hajui anatafuna ugali au anasaga meno. Na wote wanne walikula, kwa kuwa mgeni hupikiwa.

Alikuwapo pale mjane mmoja, Nyanzala, mtunza mbegu wa kijiji. Kazi yake ilikuwa kuchagua masuke yaliyojaa, kuyaning'iniza juu ya meko yapate moshi, kisha kuzifungia punje ndani ya vibuyu alivyoviziba kwa udongo. Hasira zake zilikuwa karibu, na watu walisema ulimi wake hauna mlango. Mwaka ule alibakiwa na kibuyu kimoja tu. Hicho kikipikwa, hakuna kupanda. Na asiyepanda ajiandae kuzika.

Asubuhi moja shemeji yake Shigela, mjumbe wa Mtemi, alikuja akasimama uani.

“Shemeji, Mtemi anakusalimu. Anasema utoe kibuyu. Wageni hawajala tangu jana.”

“Wageni wa miaka miwili, Shigela?”

“Mimi nimetumwa tu.”

“Umetumwa vizuri. Na mwakani mtakula nini kwako, salamu za Mtemi?”

Shigela alijikuna kichwa. “Usinichome, shemeji. Nina watoto sita.”

“Hao ndio ninaowauliza.”

Nyanzala aliingia ndani, na kibuyu akakiacha pale kilipo. Alitoka na majembe manne begani, akapita katikati ya watazamaji mpaka mbele ya Mtemi. Alipiga goti kama ilivyompasa, lakini aliinuka bila kungoja kuambiwa, akayatua majembe chini.

“Leo ndiyo siku ya tatu,” aliwaambia wageni. “Imechelewa miaka miwili, lakini ndiyo ya tatu.”

“Nyanzala, unaniaibisha mbele za watu,” alisema Lugembe.

“Mtemi wangu, aibu tuliipata siku tulipowanyima. Mimi nimeitamka tu.”

Kila mmoja alingoja Mlima akasirike, na hasira ya mlima si ya kuchezea. Mlima aliinama polepole, akaokota jembe, akaligeuza mkononi kama mtu aliyeletewa habari za kwao.

“Mama, tumelingoja sana,” alisema. “Mmetutazama asubuhi hata jioni, na hakuna aliyetutuma walau maji. Tulijiuliza tumekosa nini hata tulishwe kama mateka.”

Lugembe aliitazama ardhi. Kisha akasogea kando, akawapisha wageni wake.

Lakini tambarare ile isingetosha majembe manne makubwa namna hiyo. Basi Nyanzala akawagawia kazi kulikokosa wa kuifanya. Mlima alimpeleka kaskazini, akakusanye mawingu na kuwanywesha watu wa migombani. Poromoko alimpeleka kusini-magharibi, akaupige mwamba mpaka ukubali kuwa njia. Ziwa alimpeleka kwenye bonde la joto lisilomea kitu, akawalishe ndege heroe, na watu wapate magadi ya kulainishia maharage. Alipomfikia Mchanga Mweusi, subira yake ilikuwa imekwisha, na macho yalimwasha.

“Na mimi niende wapi, mama?”

“Nenda. Nenda tu, usinisimamie hapa.”

Mchanga hakuuliza mara ya pili.

Mbegu zilipandwa, jua likazifikia, watoto sita wa Shigela wakala wakashiba. Hata hivyo uwanja wa Mtemi ulibaki mtupu, na wapo walionung'unika kwamba mjane yule amewafukuzia fahari yao. Nyanzala aliendelea na masuke yake. Lakini kila asubuhi alitoka nje akatazama kaskazini, akaona anga tupu, akarudi ndani.

Baada ya mavuno alifunga unga wa mtama mpya kwenye kikapu, akaanza safari. Alitembea siku nyingi, nyayo zikapasuka. Alfajiri moja aliinua macho, akamwona Mlima mzima, kuanzia mabega ya kijani mpaka kichwa cheupe. Akaketi palepale njiani. Miaka miwili aliishi miguuni pake, na alichokiona ni kivuli tu juu ya shamba lake.

“Kumbe una kichwa,” alisema.

“Ulikuwa karibu mno, mama,” Mlima alimjibu. Jua lilipopanda akavuta mawingu, akajifunika. “Niwie radhi. Kazi.”

Nyanzala alikaa siku mbili. Ya tatu aliomba jembe mwenyewe, akalima mpaka jioni, ndipo akaaga kwenda kwa wale wengine.

Na tangu siku hiyo, mazuri ya nchi hii hayamfuati mtu. Mtu huyaendea, tena kwa miguu iliyochoka. Mchanga Mweusi bado anatembea nyikani, hatua chache kila mwaka, kwa sababu mwanamke mwenye hasira alisahau kumtajia mahali. Na Mlima huonekana alfajiri. Jua likikolea hujifunika. Wasafiri hufika adhuhuri, wakanuna, wakasema wamenyimwa. Hawakunyimwa. Yuko shambani.