Ngwali Aamriwa Kumkana Mungu

Hapo zamani, katika mji uitwao Mkunguni, palikuwa na maskini mmoja jina lake Ngwali, asiye na kazi maalumu ila kuhudhuria kila hitima na kila harusi, aalikwe asialikwe. Mji mzima ulimjua kwa mambo mawili, tumbo lake na ulimi wake, na ulimi ndio uliokuwa ukimponza.

Basi siku moja Sultani Jabu akafanya karamu kubwa, akatangaza kuwa kila mtu aje ale, tajiri na fukara. Matajiri wakakaa ndani, mafukara wakakaa uani, na masinia ya pilau yaliyofunikwa yakapita juu ya vichwa vya mafukara yakienda ndani, wao wakaachiwa harufu. Mtu mmoja akamwuliza Ngwali, "Je, umekula?" Ngwali akajibu, "Pilau ya Sultani ni kama Mungu. Sote twaiamini, na hapana hata mmoja wetu aliyeiona." Watu wa uani wakacheka hata kicheko kikafika ndani, na maneno yakafuata nyuma yake, maana kwa wakubwa maneno hayakosi mchukuzi.

Sultani akaghadhibika, kwa kuwa hakuna kimchomacho mkubwa kama kweli iliyosemwa kwa mzaha. Akaamuru Ngwali aletwe mbele yake, akanena, "Ewe Ngwali, umemfanyia Mungu mzaha nyumbani kwangu. Basi Ijumaa baada ya sala patakuwa na kesi hapa barazani. Sharifu Twalibu, mkuu wa wanavyuoni wetu, atadai ya kwamba Mungu yupo. Wewe utakana, na Kadhi Nuhu ataamua. Ukishinda, umekuwa kafiri, nami nitakukata kichwa. Ukishindwa, umenipotezea wakati, nami nitachukua nyumba yako, wewe na mkeo mtoke katika mji huu. Na ukikataa kusimama, nitachukua vyote viwili."

Ngwali akainama, akasema, "Nimesikia na kutii, bwana wangu. Nina ombi moja tu. Kesi hii isikizwe kama kesi yoyote ya mji huu, kama kesi ya mbuzi, isirukwe hatua hata moja." Sultani akaliona ni ombi la mjinga, akalikubali mbele ya wote.

Ngwali akarudi nyumbani, akamkuta mkewe Mize akichambua mchicha, akamweleza yote. Mize akasema, "Kwa hiyo ni kichwa au nyumba."

"Ndiyo, mke wangu. Wewe ungechagua kipi?"

"Nyumba inavuja," akasema Mize. "Na kichwa nacho kinavuja, maana kila kiingiacho hutokea mdomoni."

Lakini alipogeuka kuinjika chungu, Ngwali akamwona akifuta macho kwa upindo wa kaniki yake, na mzaha wote ukamwisha. Aliogopa, wala hapana haja ya kuficha, aliogopa sana.

Ijumaa ikafika, baraza ikajaa watu. Askari walisimama nyuma ya Sultani na panga zao, na wanawake walikaa nyuma ya pazia, Mize akiwa miongoni mwao. Sharifu Twalibu akatangulia kusema, kwa sauti yake nzuri ambayo watu walikuwa wakitoka miji mingine kuja kuisikiliza.

"Hapana nyumba isiyo na mjenzi," akasema. "Nao ulimwengu ni nyumba, mbingu ndiyo dari yake, ardhi ndiyo sakafu yake. Basi una Mjenzi."

Ngwali akajibu, "Sharifu, nyumba yangu niliijenga mimi mwenyewe. Mvua ikinyesha, mke wangu husema haiwezekani kuwa ilijengwa na mtu mwenye akili. Nami nikiutazama ulimwengu, naona na wenyewe unavuja hapa na pale."

Watu wakacheka, na Sharifu akatabasamu, kwa kuwa elimu yake haikuwa na uchungu ndani yake. Akasema, "Hata nyumba inayovuja, Ngwali, haikujijenga." Watu wakaitikia kwa vichwa, wakaona hilo nalo ni neno.

Sharifu akaendelea, "Tena watu wote wakifikwa na dhiki humlilia Yeye, hata wale waliomsahau. Na mtoto mchanga halilii maziwa ila kwa kuwa maziwa yapo duniani."

Hapo Ngwali akaacha mzaha. Akasema polepole, "Sharifu, mwanangu wa kwanza alishikwa na homa. Nikamlilia Yeye mchana na usiku, na mtoto akafa. Nikauliza kwa nini, na mpaka leo sijajibiwa. Jirani akikaa hivyo bila kuitikia hodi, watu husema amehama."

Nyuma ya pazia mtu alisikika akilia, na Ngwali akajua ni nani. Sharifu naye akainamisha kichwa, akasema, "Jibu la hilo sinalo, ndugu yangu. Ila naona mpaka leo wabisha hodi mlango ule ule."

Ikawa watu wanatazamana, hawajui nani kashinda, wengine wakilia na Ngwali, wengine wakiwa upande wa Sharifu. Mshika upanga akaanza kuitazama shingo ya Ngwali kama fundi atazamavyo ubao. Sultani akafurahi, akamwamuru kadhi akate shauri.

Kadhi Nuhu alikuwa mzee mkavu, mtu wa sheria tupu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka barazani. Akasema, "Hoja nimezisikia, nazo ni nzuri. Lakini hoja si shahidi. Sharifu, una mashahidi wawili waliomwona kwa macho yao?"

"Sina," akasema Sharifu. "Hapana aliyemwona."

"Basi sheria mwaijua nyote. Mwenye kudai huleta mashahidi, na akiwakosa, mwenye kukana hula kiapo. Ngwali, simama uape."

Ngwali akasimama, akasema, "Mimi tayari, ewe kadhi. Niape kwa nani?"

"Kwa Mwenyezi Mungu. Baraza hii haina kiapo kingine."

"Niape kwa Mungu ya kwamba Mungu hayupo?" akauliza Ngwali kwa upole. "Nifundishe, bwana wangu, maana mimi sikusoma. Akiwa ananisikia, kiapo changu ni cha uwongo. Na akiwa hanisikii, si kiapo."

Waziri wa Sultani akaona amepata la kusema, akasema, "Na aape kwa kichwa cha Sultani." Kadhi akamkemea, akasema, "Hapa hakuapwi kwa kiumbe." Akafikiri, akashika ndevu zake, kisha akasema, "Mwenye kukana asipoapa, kiapo humrudia mwenye kudai. Sharifu, apa wewe."

Sharifu akainua mkono, lakini Ngwali akawahi kusema, "Kwa hisani yako, kadhi. Anayeapa kwa Mungu amemwita awe shahidi wake. Jambo linalogombewa kuwapo kwake, laweza kuitwa kutoa ushahidi kabla halijathibiti?"

"Haliwezi," akasema kadhi, na mara akaelewa alilolisema. Sharifu akaushusha mkono wake polepole, akamtazama Ngwali kwa jicho la mtu aliyemgundua mwenzake.

Kadhi Nuhu akasema, "Kesi hii haina mshindi wala mshindwa, wala haitakuwa naye. Kiti hiki nimekikalia kwa jina Lake. Nikimweka Yeye katika mizani, mimi nitakaa wapi?"

Sultani akatambua kuwa kichwa kimemponyoka, na nyumba imemponyoka. Akasimama kwa hasira, akasema, "Basi mimi nakiondoa kiapo. Tangu leo kiapo si kitu, na kesi iamuliwe bila ya hicho."

Ngwali akamsogelea, akasema kwa sauti ndogo, ingawa baraza yote ilisikia, "Bwana wangu, kiondoe taratibu. Askari hawa walio nyuma yako, kila mmoja aliapa kwa Yeye kwamba atakulinda. Nao wanasikia."

Sultani akageuka. Askari walikuwa wakitazamana, na mmoja akakohoa. Sultani akaketi, na watu wakamwona amefanya haya. Kisha akasema, "Kiapo kinabaki. Na nyumba yako inabaki, na kichwa chako kinabaki, nami nitaleta mafundi waiezeke upya. Lakini niambie kweli, Ngwali, mbele ya watu hawa. Wewe katika moyo wako wamkana au wamwamini?"

Ngwali akatazama upande wa pazia, akasema, "Bwana wangu, tangu uliponipa kazi hii sikuacha kumwomba Mungu anisaidie kumkana, ila asinisaidie sana."

Sultani akacheka hata kilemba kikamwenda upande, na Kadhi Nuhu akajifunika uso kwa ncha ya joho lake, na mabega yake yakawa yanatikisika.