Poromoko Lisilo na Jina

Nisikilizeni vizuri, kwa sababu hukumu nitawaachia ninyi.

Walikuwapo marafiki watatu, waendeshaji wa boti la mpira katika Mto Tana, upande wa juu. Kadzo alikuwa na macho: akitazama maji, anajua jiwe lililolala chini yake. Mumbua alikuwa na mikono: alilijua boti kama fundi anavyoijua nguo aliyoishona. Nyawira hakuwa na ufundi wa kutajwa. Alikuwa mbishi.

Kila poromoko la mto ule lina jina la mtu aliyetangulia kulipita, limeandikwa kwa rangi mwambani, na yote ni majina ya wanaume. Lilibaki moja, linalojitokeza kiangazi tu: miamba miwili na upenyo mwembamba katikati. Wote waliolifikia walishuka wakabeba boti kulizunguka.

Siku marafiki hao walipoanza safari, maji yalifika magotini tu. Kiragu, mwongozaji mkongwe, aliwaita kutoka darajani.

"Dada zangu, mmesahau kata za kujitwikia! Mtalibeba hilo boti kichwani kama mtungi."

"Tukutane upenyoni, kaka," Nyawira akajibu. "Uje na rangi ya kuandikia."

"Jina ni la mtu mmoja. Na akishuka yeyote njiani, hakuna jina."

Kutwa nzima Kadzo alikaa mbele. "Kushoto! Kushoto tena! Hapo penye povu msipaguse!" Alichagua mikondo ambayo mwingine angeiogopa, na kila mara kina kilitosha. Hakuna aliyeshuka.

Jua lilipoinama wakaingia upenyoni, boti likabanwa. Kiragu alikuwa ukingoni na kopo lake la rangi.

"Hakuna njia," Kadzo akasema. "Nimeangalia kote. Tushuke."

Mumbua alikwisha kuinua mguu. Nyawira akamvuta kwa mkanda wa jaketi. "Rudi ndani!"

"Maji yanaingia, Nyawira!" Mumbua akafoka.

"Yaingie."

"Wewe leo umefanya nini zaidi ya kelele?"

"Nimekaa. Na ninyi mtakaa."

Mumbua akaketi kwa hasira, akalipiga boti ubavuni kwa kiganja. Likalia kama ngoma. Akalipiga tena, safari hii akisikiliza.

"Ni sisi wenyewe," akasema. "Tulilijaza upepo asubuhi kwa baridi, tena pomoni, kama mto umefurika. Jua limelinenepesha."

Akafungua vali za pande zote mbili. Upepo ukatoka, mbavu zikalegea, boti likajikunja, likakwaruza miamba, likadondoka upande wa pili. Wote watatu walikuwa ndani, wameloa chapachapa, wanapiga kelele.

Wakalisogeza boti ukingoni, Kiragu akachovya brashi. "Haya. Niandike nani?"

"Mimi ndiye niliyetutoa," Mumbua akasema.

"Bila macho yangu msingefika pa kukwama," Kadzo akasema.

"Na bila mimi," Nyawira akasema, "sasa hivi mngekuwa na boti kichwani."

Kiragu akacheka. "Basi, kama hamwelewani, nitalichagua mimi."

Wote watatu wakaikamata brashi kwa pamoja. "Wewe hutuchagulii!"

Wako pale, mikono mitatu kwenye mpini mmoja, na rangi inadondoka mwambani. Hakuna anayeachia, na Kiragu harudishiwi brashi yake.

Jina ni moja tu. Je, wewe uliyesikia yote, ungeandika la nani?