Sura ya Itto Ukutani

Hadithi, hadithi! Sogeeni, wanangu, mje na masikio yenu.

Hapo kale, katika mji wa Fez huko Moroko, fundi Hammu alipamba kuta kwa vipande vya vigae vya rangi. Mafundi wa huko huvipanga kifudifudi sakafuni, rangi ikitazama chini, kisha humwaga plasta juu yake. Plasta ikikauka, ndipo hugeuza na kuiona kazi yao.

Siku moja binti yake wa pekee, Itto, alifariki. Hammu akalia kisimani hata jini wa kisima akachoka.

"We mzee, utanitilia chumvi maji yangu! Chukua vigae hivi, upange sura ya mwanao. Plasta ikikauka, mgeuze, naye atainuka mzima. Ila usigeuze mapema; nafasi ni moja tu."

Hammu akaipanga sura aliyoikumbuka, akamwaga plasta, akaketi kungoja.

Sauti ikatoka chini: "Baba, nina kiu."

"Subiri, mwanangu."

"Baba, naogopa giza."

"Subiri kidogo, mama."

"Baba, nasikia baridi."

Ni baba gani angesubiri? Hammu akageuza. Plasta ilikuwa bado mbichi. Vipande vikamwagika sakafuni, na sauti ikanyamaza.

Kila siku alivipanga upya. Kila siku alingoja plasta ikauke sawasawa. Kila siku alipogeuza, aliona nyota za kupendeza, za buluu na kijani, wala hakumwona Itto. Nyota hizo akazibandika ukutani, na hadi leo zinapamba kuta za Fez.

Hadithi yangu imefika ukutani, wanangu. Jifunikeni vizuri, msisikie baridi.