Fukusi wa Ukurasa wa Kumi na Tisa

Hapo zamani, si zamani za mababu, zamani za juzijuzi tu, chuo kimoja cha kilimo kilikuwa na kompyuta tatu, na mbili kati yazo zilikuwa zimekufa. Zimekufa kweli, hazikujifanya. Mtaona kwa nini nasema hivyo.

Wanafunzi watatu walipewa kazi moja: Nyamizi, Tumsifu na Lugendo. Mwalimu wao wa sayansi ya wadudu, Daktari Mwaisumo, alisema, "Nileteeni orodha ya marejeo kumi kuhusu fukusi wa mahindi. Chini ya kila rejeo mwandike maelezo: linasema nini, linaaminika kiasi gani. Na mtu asieleze asichokisoma. Kundi bora litapata nafasi kituo cha utafiti, likizo nzima. Nafasi ni moja, ya mtu mmoja. Mtajijua wenyewe."

Hiyo "moja" Nyamizi aliitaka iwe yake. Tangu sekondari alikuwa akichungulia hadubini yenye ufa, wanafunzi arobaini kwa zamu, sekunde kumi kumi. Kituoni kila mtu alikuwa na yake.

Marejeo tisa yakapatikana. La kumi likakosekana. Wakatafuta maktabani, rafu ya juu, hakuna. Wakatafuta rafu ya chini, hakuna. Tumsifu akapiga magoti, akaliona: ripoti kuukuu, imekunjwa, imewekwa chini ya mguu mfupi wa meza ya mkutubi, Bi Kalunde.

"Chukueni," alisema Bi Kalunde, "ila meza isiyumbe. Chai yangu ikimwagika, mtanitambua!"

Tumsifu akaingiza bega chini ya meza. Bega la kulia, kisha la kushoto, kisha la kulia. Saa tatu nzima. Chai haikumwagika.

Lugendo akasoma. Alipofika ukurasa wa kumi na tisa akaangua kicheko. "Eti dawa hii iliua fukusi wote kwa dakika tano! Jamani, huyu hajawahi kupeta mahindi. Fukusi ukimgusa anakunja miguu, anajifanya maiti. Ukimwacha, anaenda zake."

Akaleta fukusi ishirini kutoka stoo ya jikoni. Akawagusa, wakafa wote. Wakasubiri. Mmoja mmoja wakafufuka, na mmoja akapanda kikombe cha Bi Kalunde.

Nyamizi, aliyeshika kalamu, akatafuta jina la mwandishi. Jalada lilikuwa limesagwa na mguu wa meza. Jina akalikuta ukurasa wa mwisho: S. Mwaisumo.

Alikuwa Daktari wao mwenyewe.

"Andika 'ripoti nzuri sana'," alisema Tumsifu kutoka chini ya meza.

"Andika 'tumejifunza mengi'," alisema Lugendo. "La sivyo, futa jina langu."

"Na langu!"

Nyamizi akayafuta. Kisha akaandika: "Ripoti hii isiaminiwe. Waliohesabiwa kuwa wamekufa walikuwa wametulia tu." Akatia saini peke yake.

Siku ya tatu baada ya kupokea orodha, Daktari aliingia darasani na sahani ya fukusi aliowajaribia ile dawa. Walikuwa wakitembea.

"Miaka kumi na minane," alisema taratibu, "nimewazika hawa wakiwa hai. Orodha hii ndiyo bora. Sasa, aende nani?"

"Mimi, Daktari," alisema Tumsifu. "Bila bega langu, ripoti ingekuwa inashikilia meza hadi leo. Hata shati navalishwa, linavyoniuma!"

"Bega lako linajua nini kuhusu fukusi?" alisema Lugendo. "Daktari, kosa nililiona mimi. Na nikalithibitisha."

Nyamizi akasimama. "Si mlitaka nifute majina yenu? Mliona jina la Daktari, mkakunja miguu!"

Darasa likacheka. Lugendo hakucheka. "Tulitaka majina yafutwe, si kazi. Na wewe, dada, mwambie Daktari: ripoti yenyewe uliisoma?"

Nyamizi hakuwa ameisoma, isipokuwa ule mstari wenye jina. Angeweza kusema ameisoma. Akaiona hadubini ya kituoni, safi, haina ufa, ikimponyoka.

"Sikuisoma, Daktari," alisema. "Niliandika alichoniambia Lugendo."

Daktari akaitoa barua ya kituo, akafungua kalamu. Fukusi mmoja akapanda karatasi, akafika penye nafasi ya jina. Kalamu ikamgusa. Akafa palepale.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msikunje miguu. Kuna bega, kuna jicho, kuna mkono. Fukusi akiondoka, je, hapo paandikwe jina la nani?