Baba Tunu na Wageni Wasiobisha Hodi

Hapo zamani za kale, wanangu, mbwa walipokuwa bado wanapika kwenye vyungu vyao wenyewe, aliishi Mama Tunu na mumewe na mtoto wao mmoja. Awali watoto walikuwa wawili. Wa kwanza alivimba tumbo, akafa, na Mama Tunu hakupenda kulitaja jambo hilo.

Sasa tumbo la Tunu nalo lilikuwa limevimba kama ngoma. Mbavu zilihesabika, manyoya yamepauka, fizi nyeupe. Alikula mpaka chungu kikalia kwaru kwaru, kisha akalia njaa. Mara nyingine alijiburuza makalio sakafuni.

"Baba Tunu, mtoto anaumwa," alisema mama.

"Na tumbo hilo? Hicho ni kitambi. Ukimpeleka kwa mganga, mtaa mzima utasema simlishi."

Baba Tunu alikuwa mkubwa kama ndama, na ukaidi wake ulizidi ukubwa wake. Mama Tunu akaenda uani kulia. Jirani yake Nguchiro, ambaye angelala ndani ya kiatu akabakiza nafasi, akamkuta huko.

"Futa machozi, shoga. Mumeo husikia sifa tu. Niachie mimi."

Adhuhuri akabisha hodi. "Shemeji, pole na wageni."

"Wageni gani?"

"Kumbe hujui! Wana miezi humu ndani. Nyama unayoleta wanakula wao kwanza, na kukuamkia hawakuamkii."

Manyoya ya mgongoni yakamsimama Baba Tunu. Akachungulia uvunguni, akafunua chungu, akanusa nyuma ya mlango. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa nitawafukuza popote walipojificha!"

"Maneno tu hayo, shemeji. Yabwekee."

Kwa ukoo wa mbwa, neno likibwekewa mara tatu mlangoni halirudishwi. Anayelirudisha hulia mee kama mbuzi maisha yake yote. Baba Tunu akasimama kizingitini: bwe! bwe! bwe! Mtaa mzima ukasikia.

"Haya," alisema Nguchiro taratibu. "Wamejificha tumboni mwa Tunu."

Akampeleka uani, akamwonyesha kinyesi cha mtoto. Ndani yake mlikuwa na vipande vyeupe kama punje za wali, na vilikuwa vinajikunja.

Baba Tunu alitaka kukasirika, maana alijua amechezewa. Kisha akamkumbuka yule wa kwanza.

"Na yule pia?" akamuuliza mkewe aliyewafuata uani.

"Na yule pia, baba."

Baba Tunu akainuka. Akambeba Tunu kwa ukosi, akapita naye mchana kweupe katikati ya mtaa, mkewe na Nguchiro nyuma yao, hadi kwa Korongo, mganga wa wanyama. Korongo akampima Tunu uzito kwanza, kwa kuwa dawa ya minyoo hufuata uzito, kisha akamlisha kidonge ndani ya kipande cha ini.

"Na ninyi wazazi mmeze," alisema. "Mrudi baada ya wiki mbili, maana dawa ya leo haimalizi wote. Na kinyesi mkizike mbali na mnapolala."

"Hata mimi?" aliuliza Baba Tunu.

"Popote walipojificha, shemeji," Nguchiro akamkumbusha.

Mbwa mzima yule akafumba macho, akameza.

Wakarudi siku ile waliyoambiwa, wakameza tena. Tumbo la Tunu likanywea, manyoya yakaanza kung'aa. Mchana mmoja Mama Tunu akampakulia nyama kama kawaida, na mtoto akaacha vipande viwili bakulini. Mama akashtuka.

"Tunu, mbona unaacha?"

"Nimeshiba, mama."

Mama Tunu akaketi palepale chini, akamkumbatia. Baba Tunu akageukia ukutani ili wasimwone analia, lakini walimwona.

Nami naishia hapo, wanangu, na mwenye mtoto asikie: tumbo kubwa si shibe.