Makabati ya Kioo ya Bwana Kiboko

"Ngano, wenzangu. Niitoe?"
"Itoe, tutaipima wenyewe."
"Sikuapa kwamba ni kweli."
"Nasi hatukuapa kuamini."

Basi palikuwa na Kindi na Kiboko, wote wauza kanga. Mzee Kobe, msimamizi wa soko, akatoa uamuzi: langoni patabaki duka moja tu. Atakayetangulia kuuza doti kumi siku ya ufunguzi, pale ni pake. Mwenzake atahamia nyuma ya machinjio, penye nzi wengi na wateja haba.



Siku ya ufunguzi, Fundi Kigogota alileta vifaa vya maduka yote mawili kwa mkokoteni: makabati ya kioo, masanamu ya kuvalisha, kufuli na kamba.

"Mimi ndiye mkubwa, nachagua kwanza," alisema Kiboko.

Kindi akalikumbatia kabati. "Chagua, kaka, ila makabati haya niachie."

"Kwa nini?"

"Niachie tu."

"Basi ni yangu." Kiboko akayabeba, ti, ti, ti.

Kindi akayakumbatia masanamu. "Basi haya niachie."

"Ni yangu." Ti, ti, ti.

Kindi akazikumbatia kufuli. "Hata hizi, kaka?"

"Hata hizo. Wewe chukua kamba, ukajifunze kuruka."

Kindi akaifunga kamba mlangoni, akatundika kanga zikiwa wazi, fya, fya, fya. Kwa miaka mingi alikuwa ameona jambo moja: mnunuzi wa kanga huisoma kwanza, ndipo huuliza bei.

Bi Swala aliingia kwa Kiboko. "Hii imeandikwaje?"

"Soma hapo hapo, usiguse kioo."

"Imekunjwa, naona neno moja. Nitamvaliaje wifi yangu kanga nisiyoijua jina?"

Kiboko akatafuta ufunguo. Kri, kri. Si huu. Kri, kri. Si huu. Alipoinua kichwa, Bi Swala alikuwa kwenye kamba, akisoma kwa sauti huku wanunuzi wenzake wakiangua kicheko.

"Nifungie hii. Na ile pia, ya jirani."

Kindi akahesabu doti walizonunua: nane, tisa, kumi.

Kiboko akakimbilia kwa Mzee Kobe. "Nimetapeliwa."

"Alikuambia kabati la kioo linauza kanga?"

"Hapana. Aliniomba nimwachie."

"Ukamwachia?"

"Hapana."

"Basi ninachokiona ni ombi lililokataliwa, udanganyifu siuoni. Beba makabati yako, na uangalie yasivunjike njia ya machinjioni."

Ngano yangu imekomea hapo. Mwenye pingamizi alete shahidi. Nalo funzo ni hili: ukifungua duka, chagua kabati kubwa kuliko yote, litie kufuli mbili, na mteja akiuliza, mwambie asiguse.