Siku Mtemi Alipoonja Chungu cha Kalunde

Sogeeni, wajukuu zangu, tuirudie njia ya nyuma. Ni zamani, zamani kweli, zamani ambayo bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, na huyo naye aliipokea kwa watu ambao leo hakuna anayejua walizikwa wapi. Nawe uliyeegemea ukuta, kaa vizuri. Kisa hiki hakisikilizwi kwa kusinzia.

Palikuwa na nchi iitwayo Bulimba, na Bulimba ilikuwa na Mtemi, na Mtemi huyo aliitwa Ngelela. Alikuwa mzee wa sauti ya chini, si mkali, si mchoyo. Nawaambia mapema ili msije mkamchukia kabla ya wakati. Nchi ile ilikuwa na desturi moja waliyoiita Siku ya Kuonja. Kila mwaka, mtama wa zamani ukielekea kwisha na mtama mpya ungali mbichi shambani, Mtemi alitoka kwake kwa miguu, akaenda kwenye nyumba ya mtu wa kawaida, akaketi, akala kilichomo chunguni. Chungu kikiwa kizito, alijua nchi imeshiba, na watu wangeleta ushuru wao wa nafaka. Chungu kikiwa chepesi, alijua nchi ina shida, na maghala yake yangefunguliwa ili watu wote wapate kula. Hakuuliza mtu. Ulimi wake ndio uliomwambia.

Desturi nzuri, sivyo? Nzuri sana. Sasa sikilizeni ilivyoharibika.

Mtemi alikuwa na washauri wake, waitwao wanyampara, na mkubwa wao aliitwa Lugoye. Hao walimpenda Mtemi, au ndivyo walivyosema. Siku ya Kuonja ilipokaribia walifagia njia atakayopita. Walikata mabua mabichi ya mtama kule bondeni penye maji, wakayachomeka kwenye mashamba yaliyokauka, yakasimama siku moja na kesho yake yakaanguka. Watu waliokonda walipelekwa porini washinde huko, na milangoni mwao wakakalishwa jamaa wa wanyampara wenye mashavu. Ng'ombe walikuwa wale wale, wakiswagwa kutoka kijiji hadi kijiji mbele ya Mtemi. Mwaka mmoja Mtemi alimtazama ng'ombe mwenye pembe iliyopinda, akasema huyu mbona nimemwona pia kule nilikotoka. Lugoye akamjibu kwamba ni wa ukoo mmoja.

Msicheke. Juzi barabara yetu ilifukiwa mashimo asubuhi na mapema, na zahanati ikapata vitanda vilivyoondoka jioni, na ninyi wenyewe mlivalishwa sare mpya mkaimba juani. Mnajua alikuwa anakuja nani. Basi nyamazeni niendelee.

Na chungu je? Chungu nacho walikijaza wao. Wapishi wa ikulu walitangulia, wakapika nyumbani kwa maskini nyama na ugali na samli, kisha Mtemi akaja akaonja, akatabasamu. Wanyampara wakaimba, "Nchi imeshiba, Mtemi." Watu wakaitikia kwa midomo mikavu, "Nchi imeshiba." Na ushuru ukakusanywa.

Ikaja miaka ya mvua kukataa. Mtama ulichipua ukanyauka, ukapandwa tena ukanyauka tena. Mtemi akaonja, nchi ikashiba. Watu walianza kula ndiga. Ninyi hamzijui ndiga, na Mungu awaepushe nazo. Ni viazi vya porini vyenye sumu. Unavikatakata, unaviloweka mtoni siku nyingi, unavichemsha na kumwaga maji, na bado vinakukwaruza koo. Ukikosea kidogo tu, vinakulewesha mpaka unalala usiamke. Hicho ndicho kilikuwa chakula cha Bulimba iliyoshiba.

Katika kijiji kimoja alikaa mjane aitwaye Kalunde. Mwanawe na mkwewe walikuwa wamekufa mwaka uliotangulia, wakamwachia wajukuu wawili, Nyanjige na mdogo wake Mayunga. Mayunga alikuwa wa kubebwa bado, na kwa muda mrefu alikuwa ameacha kulia. Alikaa tu pale alipowekwa, macho makubwa. Kalunde alijua maana ya mtoto anayeacha kulia. Alikuwa ameiona kwa jirani.

Mwaka ule wanyampara walichagua nyumba yake, kwa sababu ilikuwa karibu na njia na kwa sababu alikuwa mama mkimya. Lugoye mwenyewe alikuja kumpa maagizo. Alimwambia chakula kitapikwa hapa, naye kazi yake ni kumpakulia Mtemi kwa mkono wake kama desturi inavyotaka, na kusema kwamba hivi ndivyo tulavyo. Akifanya hivyo ataachiwa mabaki. Akifanya vinginevyo, nyumba itachomwa moto na yeye na wajukuu wake watavushwa mpaka, waende wanakojua. Kalunde akainamisha kichwa, akasema amesikia. Angesema nini? Nje ya mpaka hakuwa na mtu, na mwanawe alikuwa amelala nyuma ya nyumba ile ile.

Siku ikafika. Wapishi wakaja na mbuzi, wakapika, wakafunika chungu kikubwa, wakakiacha juu ya mafiga kisipoe. Ngoma zikasikika kwa mbali. Basi kila mnyampara akataka aonekane na Mtemi njiani, akiimba kwa sauti kuliko mwenzake, na kila mpishi akataka kumfuata mnyampara wake, na hata askari aliyeachwa kulinda akaona si vizuri akosekane yeye peke yake. Wakaondoka wote.

Hapo ndipo walipokosea, wajukuu zangu. Waliacha chungu cha nyama ndani ya nyumba yenye njaa, wakaamini watakirudia kimejaa. Mtu aliyewahi kulala na njaa hawezi kufanya kosa hilo. Wao walikuwa wameshasahau njaa ilivyo.

Kalunde alikaa akikitazama kile chungu. Harufu ikatoka, ikaenda chumba cha ndani, na kule ndani Mayunga akalia.

Alilia kama mtoto mzima anavyolia, kwa hasira, kwa kudai. Kalunde alisimama. Alijiambia atampa mchuzi tu, kijiko kimoja, nani atajua. Akampa mchuzi. Nyanjige akasimama mlangoni, na yeye pia Kalunde akampa mchuzi, kisha kipande kidogo, kwa kuwa mchuzi peke yake ungempa nini mtoto wa umri ule. Akafunika chungu. Alipogeuka aliona mtoto wa jirani, aliyekuwa amepelekwa porini, amesimama uani ananusa. Nyuma yake mwingine. Walitoka vichakani polepole, miguu myembamba, na hakuna aliyeomba. Walisimama tu.

Mngefanyaje? Niambieni. Kalunde alifunua chungu akawagawia kidogo kidogo, kila mtoto kwenye kiganja chake, akiwaambia wale taratibu wasije wakaumwa. Walikuwa wengi kuliko alivyodhani. Alipofika kwa wa mwisho, mwiko ulikuwa unakwaruza udongo.

Ngoma sasa zilikuwa karibu. Kalunde akaona alichofanya. Kukimbia hakuwezekani, na watoto wale atakimbilia wapi nao. Akawafukuza warudi vichakani. Kisha, kwa kuwa desturi ilitaka chungu na chungu hakikuwa na kitu, alichukua ndiga zake mwenyewe, zile alizokuwa amechemsha jana, akazimimina ndani ya chungu cha ikulu na kukifunika.

Mtemi akaja, wanyampara wakaja, ngoma zikanyamaza. Mtemi Ngelela akaketi kwenye kigoda, akanawa. Kalunde akampakulia kwa mkono wake. Mtemi akamega, akatia kinywani. Desturi iliwataka wanyampara nao waonje baada yake, nao hawakungoja hata kutafuna. "Tamu, Mtemi," wakasema kwa pamoja. "Nchi imeshiba."

Halafu wakatafuna. Mmoja akakohoa. Mwingine akageukia ukutani. Mwenye mashavu makubwa kuliko wote akabaki ameyajaza, machozi yanamtoka, hawezi kumeza na hawezi kutema, maana ameshasema ni tamu.

Mtemi alitafuna kimyakimya mpaka akameza. "Mama," akasema, "hiki ni nini?"

Lugoye alimkatiza kabla hajajibu. Kwa hasira alimnyooshea Kalunde kidole. "Mwizi huyu, Mtemi. Ameiba nyama tuliyomletea."

Mtemi akamgeukia taratibu. "Mliyomletea?"

Lugoye aligeukia wenzake. Hapakuwa na wimbo wa kumwokoa. Mtemi alimtazama muda mrefu, na nadhani hapo ndipo alipoanza kuhesabu ng'ombe wenye pembe zilizopinda. Kisha akamrudia mjane.

"Umeila wewe, mama?"

"Hapana, Mtemi. Wameila watoto."

"Watoto wa nani?"

Kalunde alipiga magoti. Alikuwa na hofu, nawaambia, hofu kubwa, lakini hakuwa na neno lingine la kusema isipokuwa lililo kweli. "Miaka yote tunaimba kwamba wewe ni baba wa nchi," akasema. "Basi ni wako, Mtemi."

Mtemi aliinama akamega tena, akala. Alikula mpaka akamaliza alichopakuliwa, na wanyampara wakasimama wakimtazama. Kisha akauliza kama hiki ndicho wanachokula kila siku. Kalunde akasema hapana, hiki ni cha siku njema. Siku nyingine hawawashi moto.

Basi Mtemi akainuka, na badala ya kurudi kwake akaenda moja kwa moja kwenye maghala. Watu wakamfuata. Walinzi wakafungua. Juu palionekana mtama mweupe, umejaa hadi ukingoni. Mtemi akazamisha mkono wake ndani, na kabla kiwiko hakijazama akashika makapi. Ghala la pili, makapi. Wanyampara walikuwa wameuza nafaka ya nchi kwa misafara ya wafanyabiashara, wakatandaza mtama juu ili macho ya Mtemi yasipate taabu. Alipowauliza kwa nini, Lugoye alimjibu kwa unyenyekevu mkubwa kwamba hawakutaka kumhuzunisha.

Mtemi alisema, "Nimeonja miaka yote hii, na sijui ladha ya nchi yangu." Akaketi pale mlangoni pa ghala, akalia mbele za watu.

Najua mnataka nini. Mnataka niwaambie mvua ikanyesha siku ile ile, na wabaya wakaliwa na simba. Haikuwa hivyo. Wanyampara walitoroka na misafara. Mtama uliobaki ulikuwa kidogo, na Mtemi aliagiza upewe watoto kwanza, nchi nzima, kiganja kwa kiganja, kama Kalunde alivyofanya. Yeye mwenyewe akala ndiga. Wapishi walimsihi, akakataa. Alikwenda mtoni na watu kuziloweka, mzee yule, akapiga magoti kwenye mawe. Mayunga aliishi, na Nyanjige pia. Wengi hawakuishi. Ilikuwa imechelewa mno kwa wengi, na sitawadanganya kwamba majuto ya Mtemi yaliwarudisha.

Mwili wa Mtemi ulikuwa wa mtu mzee, haukuzizoea ndiga. Mtama mpya ulipoanza kutoa mashuke, yeye alilala asiamke.

Alipokufa, mpwa wake akawekwa kwenye kiti, kijana ambaye ndevu zilikuwa hazijajaa. Na Lugoye, mnadhani alikuwa wapi? Alikuwa amesharudi. Watu wa namna ile hurudi wakati wa kurithisha kiti, huwa hawachelewi. Amevaa nguo ya kilio, amesimama karibu na mtawala mpya, na yeye ndiye aliyesimama kaburini kumwelezea marehemu mbele ya watu. Alisema mengi na mazuri. Akamaliza kwa kusema kwamba Mtemi Ngelela ametutoka akiwa mzee, ameridhika, ameshiba, na nchi yake imeshiba.

Watu waliinamisha vichwa. Walikuwa wamezoea kuitikia, na midomo ilishaanza kufunguka.

Kalunde akasimama. Yule mama mkimya, wajukuu zangu, katikati ya kilio, na Mayunga mgongoni.

"Usimvunjie heshima," akasema. "Mtemi huyu amekufa na njaa, pamoja na sisi. Hakuna Mtemi mwingine tuliyemzika hivyo. Mwachie heshima hiyo."

Lugoye akageuka kutafuta askari. Askari walikuwa wakitazama chini, maana nao walikuwa na wana waliowazika. Hakuna aliyeitikia ile nchi imeshiba. Kimya kilikuwa kirefu mpaka yule Mtemi mpya akaogopa, na ni vizuri aliogopa. Akamsogeza Lugoye kando kwa mkono wake mwenyewe, akaenda mpaka aliposimama mjane. Akamwuliza leo nyumbani kwake kuna nini chunguni. Kalunde akasema hakuna kitu. Kijana akasema basi twende nikakione chungu chenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa. Nanyi mkikua, wengine mtakuwa watawala, na wengine mtafagia njia ya watawala, na wengi mtakuwa akina Kalunde. Mtawala, nenda ukale kwa watu bila kutangaza. Mfagiaji, jua kwamba unayemficha ukweli kwa kumpenda unamchimbia kaburi, na hataingia humo peke yake. Na wewe wa mwisho, siku wakikuambia umeshiba, uliza tumbo lako kwanza kabla ya kuitikia.

Kisa changu nimekiweka chini hapa. Mwenye mikono akichukue aende nacho kwao. Mwenye usingizi alale. Mimi nimemaliza.